Kioo Kilichoangalia Paa

Wiki ile tuliporudi kutoka Muleba, kila aliyepita nyumbani kwangu Buzuruga aliniuliza swali moja: gari vipi? Aliuliza huku ameshafungua mlango, ameshakaa, ameshashika usukani. Mimi sipendi kumnyima mtu jibu, wala sipendi nyumba iliyopoa, kwa hiyo nilikuwa naanza bila kubembelezwa. Injini safi. Mafuta halinywi kama nilivyotishwa. Foo wili ilitutoa kwenye tope la Bwanga wakati malori mawili yamelala palepale tangu juzi yake, madereva wanakunywa chai pembeni. Breki zinashika. Redio inakamata mpaka Uganda. Halafu nafika mahali naishiwa maneno, kwa sababu mtu akiuliza viti vya nyuma vikoje, sijui. Kilometa mia nne kwenda, mia nne kurudi, gari ni langu, na nusu yake ya nyuma sikuwa naijua.

"Hujui vipi?" aliniuliza Wilhelmina, jirani yangu anayekaanga samaki pale kona, mwanamke ambaye habari ya mtaa ikimpita bila kumsalimia anaumwa kichwa. "Umenunua gari zima au nusu?"

"Nilikuwa mbele, naendesha."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Sasa si ungegeuka ukamuuliza?"

Nikacheka tu. Yapo mambo huwezi kumweleza mtu ambaye mafuta yake yako jikoni yanachemka.

Mimi ni Masalu. Ukishuka stendi ya Buzuruga uliza Masalu wa viatu, utaletwa mpaka mlangoni. Nilianza na gunia moja la viatu vya mtumba wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa, naviosha kwa mswaki na sabuni ya kipande, navipanga juu ya turubai. Prudencia alikuwa anasoma ualimu Butimba. Alikuja kununua raba, akazirudisha kubadilisha mara tatu, na miguu yake haikuwa na kasoro yoyote. Mara ya tatu nikaelewa.

Precious alizaliwa tukiwa bado hatuna mbele wala nyuma. Alipofika miezi kumi, mama mkwe alikuja na meli kutoka Bukoba, akakitazama chumba tulichokuwa tunapokezana kulala wanaume wanne, Prudencia bado yuko chuoni, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka naye. Hakugombana na mtu. Alikuwa na haki yake. Tukasema mwaka mmoja, tukijipanga tutamfuata. Mwaka ukawa minane. Nilikwenda kumwona mara nne, nalala melini, nafika asubuhi na zawadi, narudi. Halafu ikaja Mei ile ya tisini na sita, meli ilipozama na watu. Kijijini kwa kina Prudencia, Muleba, walizika, na waliokosa wa kuzika walikaa tu, na tangu hapo katika nyumba ile hakuna aliyetaka kusikia neno meli.

Kwa hiyo nikanunua gari. Watu walisema Masalu amepata kiburi. Lilikuwa gari la familia, mtumba kutoka Japani, la juu, viti saba, keria juu ya paa, vioo vimejaa maandishi ambayo hapa Mwanza hakuna wa kuyasoma. Nilitaka kitu kimoja tu: likizo fupi ya Aprili, mwaka tisini na saba, mwanangu alale nyumbani kwangu, na likizo ikiisha aendelee kulala hapohapo.

Mama mkwe hakukataa. Alitoa sharti, na alimpa binti yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama mbali kwenye migomba.

"Mtoto si mkungu wa ndizi upakie uondoke," alimwambia Prudencia. "Nitakwenda naye. Tutakaa wiki moja. Jumamosi ataniambia mwenyewe kama anabaki au tunarudi wote."

Precious alitoka ndani na kimfuko chenye magauni mawili. Tranka lake la bati, lenye madaftari na kila kitu chake, lilibaki chini ya kitanda. Niliona, na sikupenda.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo utanionea. Mimi nimekulia Magu, kwa wazee wanaoshika mambo. Kwetu mama mkwe hatazamwi. Ni heshima, tena ndiyo kubwa kuliko zote ulizonazo. Mkikutana njiani unampisha, unasimama kando, unaangalia majani. Huli mbele yake. Hukai alipokaa. Jina lake hulitaji, na ndiyo maana hata hapa siliandiki. Baba yangu aliishi na mama mkwe wake kijiji kimoja miaka ishirini, na ukimuuliza bibi yule alikuwa mweusi au maji ya kunde, alikuwa anajibu: alikuwa mrefu.

Kwa kina Prudencia hawako hivyo. Wakwe wengine wa nyumba ile wanampa mkono mama, wanakaa naye sebuleni, wanamtania. Lakini mimi nilipokuwa nakwenda na meli, mzee Kahigwa, baba mkwe, alikuwa hai. Nilikaa naye uani na rubisi yetu ya ndizi mpaka jua linazama, mama yuko jikoni, hakuna aliyegundua kitu. Safari hii mzee hakuwepo tena. Na gari, hata liwe kubwa namna gani, halina ua.

Nilipanga viti kama mtu anayepanga viatu dirishani. Prudencia mbele na mimi. Mama mkwe kiti cha kati, kule kushoto. Precious karibu yake, katikati. Nyuma kabisa ndizi, maharage, kuku wawili. Nikaingia, nikawasha, nikanyoosha mkono kurekebisha kioo cha ndani kama anavyofanya dereva yeyote. Macho ya mama mkwe yakawa yamejaa humo.

Yalikuwa yananitazama moja kwa moja. Sijawahi kuingiwa na joto vile asubuhi. Nikakisukuma kioo juu, kikaangalia paa. Kutoka Muleba mpaka Mwanza niliendesha kwa saiti mira peke yake.

Prudencia akikaa ndani ya gari analala kabla hujaingiza gia ya pili, kwa hiyo hakuona kitu. Saa ya kwanza nilimsikia Precious akihesabu mbuzi wa barabarani. Alifika kumi na saba. Halafu kimya.

Nikafikiri ni springi. Gari la juu linayumba, mtoto hajazoea.

"Precious, linakurusha?" niliuliza, nimekaza macho barabarani.

"Hapana."

"Unasikia kichefuchefu?"

"Hapana."

"Gari zuri," bibi yake akajibia, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa na polisi.

Biharamulo nilisimama, nikapunguza upepo kwenye magurudumu yote manne ili gari lilainike. Wao wakanywa chai kwenye hoteli moja, mimi nikaenda kunywa hoteli ya pili yake, nimesimama, nimewapa mgongo, kama inavyotakiwa. Bwanga kwenye tope nilishuka nikamwamsha Prudencia amwambie mama yake amwambie Precious washuke. Geita tukala vilevile, wao kule, mimi huku. Nilikuwa najisifu moyoni. Nilisema mama mkwe ataniona mtu niliyelelewa.

Kwenye pantoni ya Busisi nilikwenda kusimama mbele kabisa na madereva wenzangu. Wananifahamu wengi, na nilipoanza habari ya malori ya Bwanga wakajaa. Katikati ya kicheko nikahisi mtu ubavuni. Precious alikuwa amekuja mpaka kwenye chuma cha kushikilia, hatua mbili kutoka kwangu, ananitazama. Nikataka kumwita. Lakini nyuma yake nikaona ncha ya kitenge cha bibi yake, nikageuka haraka nikaangalia maji.

Nilipotazama tena hakuwepo.

Jioni ileile, Jumamosi, tukaingia Buzuruga. Mtaa mzima ulikuja kupokea, na mimi nilikuwa nimetaka hivyo. Watu wakasukumana, wakambeba mtoto, wakamwambia umefanana na baba yako masikio. Precious alisalimia shikamoo moja moja mpaka ikaisha, akaenda kukaa kwa bibi yake.

Na wiki ikaanza hivyo. Mama mkwe yuko sebuleni, kwa hiyo mimi siingii sebuleni. Mama mkwe anakula na mtoto, kwa hiyo mimi nakula uani. Napitia mlango wa jikoni kama mgeni, nalala, naondoka kabla hawajaamka. Nyumba imejaa kama nilivyoomba miaka minane, na mwanangu simwoni. Nilimletea viatu, jozi nzuri ya ngozi, vyekundu, niliviweka pembeni tangu gunia linafunguliwa. Alisema asante baba. Kesho yake Prudencia akavikuta chini ya kochi, havijavaliwa.

"Vinambana?" nilimuuliza Prudencia.

"Hajavijaribu."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Muulize mwenyewe."

"Yuko na mama."

Prudencia akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi wake wanaosema daftari limeliwa na mbuzi. Akaondoka na ndoo yake.

Ngosha, rafiki yangu na fundi wangu, alikuja kulikagua gari. Alilala chini ya injini, akagonga hapa, akavuta pale, akasema shokapu ya nyuma kushoto imechoka. Mlango wa nyuma, wa buti, nao ulikuwa umepata kilema pale Bwanga. Ukiuvuta tu hautoki, hata uweke mguu. Inabidi uunyanyue kwanza kidogo, usikie umeachia, ndipo uvute.

"Acha hivyohivyo," Ngosha akasema. "Mwizi atahangaika mpaka kukuche. Wenye nyumba mnajua." Halafu akaingia mbele, akatazama juu. "Mbona kioo kinaangalia mbinguni?"

"Mkwe alikuwa nyuma."

"Ahaa," akasema Ngosha, naye ni wa Magu kama mimi, na akakiacha vilevile. Tukaendelea na habari ya shokapu. Jibu la wiki nzima lilipita katikati yetu, tukalipisha njia.

Jumatano Wilhelmina akaniita, sauti ya chini, ile ambayo mtaa mzima huwa unaisikia.

"Baba Precious, mimi si mtu wa maneno."

"Najua," nikasema.

"Mtoto alikuja kununua samaki. Nikamuuliza, utakaa na sisi? Akasema bibi amesema aseme mwenyewe. Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Nilimuuliza hilo hilo. Akasema, kuona."

"Kuona nini?"

"Sasa ndiyo nakuuliza wewe. Nyumba yako, mtoto wako. Umemwonyesha nini?"

Nilirudi nikakaa kwenye ngazi ya duka, na wateja wakaja wakaniongelesha nikawajibu, na sikumbuki niliuza nini. Nilipitia kila kitu. Gari jipya kwetu, nyumba ya tofali, shule iko karibu, mama yake yupo, watu wamemchangamkia. Nilichokosa sikukiona. Nikasema labda amezoea hewa ya migomba. Labda samaki wetu wanamnukia. Nikafika mpaka kufikiri ni harufu ya viti, kwamba gari lilikuwa na harufu ya ugeni na imemwingia. Usicheke. Mtu akichanganyikiwa anashika kilicho karibu.

Alhamisi nilisahau kitabu cha stakabadhi, nikarudi nyumbani mchana. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, pembeni ya jiwe kubwa, na ndani yake kulikuwa na mtu. Precious alikuwa kwenye kiti cha dereva, amepiga magoti ili afike, ameshika kioo cha ndani kwa mikono miwili. Alikishusha kidogo, akatazama. Akakigeuza kushoto, akatazama. Nyuma, kwenye kiti cha kati, alikuwa ameweka kikapu cha mama yake.

"Precious."

Alishtuka, akataka kushuka.

"Kaa tu. Unafanya nini?"

Alinitazama kwanza. Ana utazamaji wa mama yake, ule wa kukupa nafasi ujirudi.

"Naangalia kama mtu akikaa kule nyuma anaonekana," akasema.

"Kule wapi?"

"Pale nilipokaa mimi. Nimeweka kikapu."

"Kinaonekana?"

"Chote," akasema. "Mpaka mkono wake."

Nilikuwa nimeshika mlango, wa moto kwa jua, sikuuachia.

"Nilifikiri kioo kimeharibika," akaendelea. "Nikamwambia bibi, kioo cha baba kimeharibika, anaangalia juu. Bibi akasema hakijaharibika, amekigeuza mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema labda hataki kumwona yeye, au hataki kuniona mimi, tukifika tutajua."

"Na mlipofika?"

"Ulikula nje."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewauzia watu viatu vya mguu mmoja mkubwa mmoja mdogo wakaondoka wanashukuru. Siku ile maneno yalinijia yote kwa pamoja. Nikaanza na Magu, nikaenda kwa baba yangu, nikamweleza habari ya njia na majani na kupisha, nikarudi nyuma nikaanza upya. Precious alisikiliza, uso umekaza.

"Kwa hiyo ni bibi ndiye humtazami," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu unamheshimu."

"Sana."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Unaniheshimu?"

Nikafikiri. Niliona kwamba nikikosea hapo basi.

"Wewe hata kidogo," nikamwambia. "Wewe nataka nikutazame mpaka uchoke."

Hakucheka. Alinipima. Halafu akanionyesha nyuma kwa kidole. "Kaa pale."

Nikafungua mlango wa nyuma wa gari langu, nikatoa kikapu, nikakaa. Ndiyo mara ya kwanza. Sasa naweza kuwaambia wanaouliza. Kiti cha kati ni kigumu kuliko vya mbele, na mtu mrefu magoti yanamgusa. Ukikaa katikati huna dirisha lako, barabara unaiona kwa kupenyeza macho kati ya vichwa viwili, na kichwa cha dereva ni kikubwa sana, hakina uso. Chini ya dirisha la kushoto, pale ambapo dereva hafiki na macho yake, kuna picha ya sungura imebandikwa, imekwanguliwa sikio moja. Mtoto fulani wa huko Japani aliibandika siku moja akiwa safarini. Nimekuwa na gari miezi miwili sikuwahi kumwona sungura yule.

"Bibi alimwona kwanza," Precious akasema. "Akasema hili gari liliwahi kuwa na mtoto."

Nikainua uso. Kwenye kioo kulikuwa na macho mawili, yana wasiwasi, yananitafuta.

"Nakuona," akasema.

"Na mimi nakuona."

Tukakaa hivyo. Kuku mmoja wa Muleba akapita. Halafu Precious akashuka, akasema kikapu alikitoa buti kwa kupitia juu ya viti kwa sababu mlango wa nyuma umemshinda. Nikampeleka. Akavuta, haukutoka. Akaweka mguu, haukutoka.

"Nyanyua kwanza," nikamwambia. "Kidogo. Umesikia? Sasa vuta."

Akafungua na kufunga mara sita.

Kumweleza mama mkwe sikuweza, na wewe unaelewa kwa nini. Nilimweleza Prudencia jikoni. Prudencia alikaa chini kwenye kigoda, akafunika uso na upande wa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipoinuka. Alikuwa anafanya vyote. Akaenda sebuleni. Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, nasikiliza Kihaya nisichokielewa vizuri. Halafu mama mkwe akasema maneno machache, taratibu.

"Amesemaje?" nilimuuliza Prudencia aliporudi.

"Amesema miaka minane yote alijua una hasira naye. Kwamba amekuchukulia mtoto. Ukija unakaa na baba, yeye humsalimii usoni, akawa anasema ni haki yako."

"Mimi? Hasira? Namshukuru kila siku."

"Ungemwambia."

"Ningemwambiaje na simtazami?"

"Mume wangu," Prudencia akasema, "hata mimi sijui."

Jumamosi alfajiri kila mtu alikuwa amevaa. Hapo ndipo nilipozidi kupotea, kwa sababu Precious alitoka na kimfuko chake, magauni yote mawili ndani, na miguuni viatu vyekundu. Nikamvuta Prudencia pembeni.

"Amesema nini kwa bibi yake?"

"Ameshasema. Mama anajua."

"Sasa amesema nini?"

"Mama anasema ni siri yao, tutakwenda kuimalizia kwake."

"Anarudi au anabaki? Kama anabaki, mbona anapanda gari? Kama anarudi, mbona amevaa viatu?"

"Endesha," Prudencia akasema.

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyepanga viti. Aliniambia kwa kumwambia binti yake, na sote tukasikia. Yeye atakaa nyuma yangu hasa, mgongoni kwangu, mahali ambapo kioo hakifiki. Mtoto akae katikati. "Kioo amwachie mtoto," alisema. Akajifunika kichwa na kitenge kwa nyongeza, na nilipowasha gari nikasikia kule nyuma mama mtu mzima anacheka peke yake.

Nilikishusha kioo. Uso wa Precious ukakaa humo, wote, kama kikapu. Kuanzia pantoni mpaka Geita alihesabu mbuzi arobaini na mmoja kwa sauti, na kila akitaja namba anatazama kama nimesikia. Alilala amefungua mdomo. Aliamka Bwanga, akanikuta namtazama, akanitolea ulimi. Nilikuwa na furaha ambayo haikuwa na mahali pa kukanyaga, kwa maana kila kilometa ilikuwa inampeleka kwao.

Muleba tulilala siku mbili. Hakuna aliyeniambia kitu. Jumapili walikwenda misa, wakarudi, wakapika, majirani wakaja wakamshika mtoto kichwani, sikujua kama wanampokea au wanamuaga. Nilikaa uani pale nilipokuwa nakaa na mzee Kahigwa, nikaliangalia gari.

Jumatatu asubuhi nililigeuza, nikaliweka mdomo barabarani, kisogo nyumbani. Prudencia akaingia mbele. Nikawasha. Kwenye kioo nikauona mlango wa nyumba, uko wazi, na kuku kizingitini. Precious alitokea na ungo, akaenda kwa jirani, akarudi bila ungo. Akaingia ndani. Akatoka mikono mitupu, akasimama, kama anayekumbuka kitu. Akaingia tena.

"Prudencia," nikasema.

"Subiri."

Halafu kitenge cha mama mkwe kikatokea mlangoni, na mguu wake, na nikajua uso unafuata. Mkono wangu ukaenda juu wenyewe. Nikakisukuma kioo kikaangalia paa, nikainamisha kichwa nikatazama usukani.

Nikasikia hatua kwenye kokoto, za watu wawili, taratibu, kama wamebeba kitu kizito wakishirikiana. Zikasimama nyuma ya gari. Bati la tranka likagusa chini. Mama mkwe akaushika mlango wa buti, akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena kwa nguvu, gari zima likatikisika.

"Siyo hivyo, bibi," sauti ya mtoto ikasema. "Nyanyua kwanza."